Tulichangia Apone, Hatukuchangia Akimbie

Video ina sekunde 11. Imepigwa kutoka ndani ya gari, kioo kimeshushwa nusu, upepo wa bahari unakwaruza sauti. Anaonekana mwanaume wa makamo, tisheti ya kijani imemganda mgongoni kwa jasho, anakimbia kwenye njia ya waenda kwa miguu ya Daraja la Tanzanite, Dar es Salaam, kuelekea ufukwe wa Coco. Kusema anakimbia ni kumpendelea. Nyuma yake kuna mama wa baibui anayetembea zake na mfuko wa mboga, na mpaka video inaisha pengo kati yao halijaongezeka.

Mwanaume huyo ni mimi.

Aliyepiga ni shemeji yangu, dereva wa teksi za mtandao, alikuwa ametoka kumshusha abiria Masaki. Hakunipigia honi wala hakuniita. Aliirusha kwenye kundi la familia saa 12:50 asubuhi ya Jumapili bila neno, ila alama ya macho mawili. Nilipofika Coco na kukaa chini nivute pumzi, simu ilikuwa inatetemeka mfukoni kama ina homa. Shangazi: "Huyu si yeye?" Binamu: "Ndiye, zile raba nazijua." Mama hakuandika kitu. Alipiga mara nne.

Kisha baba mdogo, mtu ambaye miaka yote hutuma dua ya Ijumaa na kunyamaza mpaka Ijumaa nyingine, akaandika:

"Tulichangia apone, hatukuchangia akimbie."

Maneno manne. Nimetembea nayo wiki sita sasa.

## Wanahisa

Kundi lenyewe linaitwa "Matibabu ya Kaka". Lilifunguliwa kwa ajili ya mchango na mpaka leo hakuna aliyeona haja ya kulibadili jina. Waliowahi kuchangiwa wananielewa: ile orodha inayobandikwa upya kila usiku, jina, kiasi, na wale ambao mbele ya majina yao pameandikwa "ahadi". Orodha ya mwisho ninayo kwenye simu. Watu 63. Shangazi wa Mbagala, muuza vitumbua, yumo mara tatu: 10,000, 10,000, 5,000. Ile ya tatu najua ilitoka kwenye mtaji wa mchele.

Kwa hiyo kifua changu kina wanahisa.

Nikinywa soda, mtu ananiuliza kama daktari anajua. Nikionekana Kariakoo napanda ngazi, jioni mama anajua ni ghorofa ya ngapi. Ndiyo maana siku ile nilipanda daladala ya kwanza kutoka Tandika mpaka Posta, nikashika njia ya Ocean Road, nikaenda kujificha juu ya daraja la kilomita moja na ushee lisilo na mti wala kibanda. Tandika kila nyumba ya tatu ina mchangiaji. Nilidhani kule nitakuwa mgeni.

## Mlango

Nitaeleza ugonjwa kwa kifupi, maana si ndio ulionileta hapa.

Utotoni niliugua sana tonsesi. Nyumbani tulisukutua maji ya chumvi, koo likapoa, tukasahau. Wadudu wa koo wakiachwa bila dawa wanaweza kuleta homa ya rumatiki: kinga ya mwili inapopigana nao hukosea njia ikaivamia milango ya moyo, na kovu linaendelea kujikaza miaka na miaka. Mlango wangu wa mitrali, ule wa upande wa kushoto unaopokea damu kutoka mapafuni, ulianza kuziba nikiwa sijui. (Siku hizi binti yangu akisema koo linamuuma, tunafika zahanati kabla hajamaliza sentensi.)

Uligunduliwa na nyimbo.

Nilikuwa mwimbishaji wa klabu yetu ya jogingi. Wa Temeke mnaijua kazi hiyo: unakimbia pembeni ya safu, unatoa mstari, watu mia wanaitikia, usingizi wa mtaa mzima unaisha. Mwaka mmoja nikaanza kukata mistari. Mwaka uliofuata nikamwachia kijana mmoja uimbishaji, nikawa naitikia. Halafu nikawa nahamia nyuma, kidogo kidogo. Nilisema ni umri. Nikasema ni vidonda vya tumbo. Kuna rafiki alisema ni jicho la mtu, na nakiri nililifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko heshima yangu inavyoruhusu.

Daktari alinieleza kwa dakika mbili. Moyo hujaa damu katikati ya pigo na pigo. Ukikimbia, mapigo yanasogeleana, nafasi ya kujaa inapungua. Mlango ukiwa mzima haidhuru. Ukiwa mwembamba kama tundu la kifungo, damu haiwahi kupita, inarudi kujazana mapafuni. Ndiyo maana nikikaa nilikuwa mzima kabisa, nikikimbia nazama nchi kavu.

Nilipasuliwa Muhimbili, kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Wakapasua kidari katikati kwa msumeno, wakatoa mlango wangu, wakashona wa bandia wenye vibao viwili vya kaboni, wakafunga mfupa kwa nyaya za chuma. Vibao hivyo vinalia. Tk, tk, tk. Mama watoto anasema zamani alikuwa anahesabu mikoromo yangu, sasa anahesabu mlango.

## Pumzika

Hospitalini siku ya pili, mirija bado inaning'inia, walinikalisha kitini. Haukupita muda wakanitembeza koridoni. Nikikohoa nakumbatia mto kifuani kama mtoto mchanga. Nilidhani ni ukatili. Yule dada wa mazoezi tiba akaniambia mapafu ya mtu aliyelala tu baada ya upasuaji hujaa makohozi na damu ya miguuni huganda. "Hapa kitanda ni cha kulalia usiku," akasema.

Nikarudi nyumbani, na nyumbani neno likawa moja.

Pumzika.

Shangazi alikuja na supu na neno hilo. Majirani walikuja na machungwa na neno hilo. Binti yangu wa miaka minne alifundishwa asiruke karibu na baba. Nikisimama, watu watatu wanasimama. Nikishika kikombe, kinapokelewa. Kwetu mgonjwa anayependwa ni mgonjwa aliyelala, na anayemwacha mgonjwa wake akitembeatembea uani ndiye atakayesemwa.

Kwa hiyo nilikuwa na karatasi mbili za maelekezo. Ya kwanza, ya hospitali: dakika tano, mara nne kwa siku, ongeza kidogo kidogo mpaka nusu saa. Ya pili haikuandikwa, lakini iliandikwa machoni mwa kila aliyeingia mlangoni.

Nilipima mtaa kwa vitu vyake. Wiki ya pili mpaka kwa muuza chipsi. Wiki ya nne msikitini. Wiki ya sita kituo cha daladala, kwenda na kurudi. Daladala yenyewe hapana, maana kuning'inia kwenye bomba kunavuta kidari, na mfupa huo unahitaji kama wiki 12 ushikane sawasawa. Bodaboda hapana kabisa. Ndoo ya maji, hapana. Binti yangu ana kilo 15. Nilikuwa nakaa chini yeye apande mwenyewe.

## Kiti cha nyuma

Msikitini niliswali kwenye kiti, mwisho wa safu, pamoja na wazee. Kwenye kimya cha swala mlango unasikika. Kuna mtoto alikuwa ananitazama mkono wa kushoto kila rakaa, anatafuta saa.

Kilichonizuia kusujudu hakikuwa moyo. Ni mikono. Ukiinuka kutoka sijda unasukuma sakafu, na kusukuma kulikuwa kwenye orodha ya yaliyokatazwa. Wiki ya 13, baada ya kupigwa picha na kuambiwa kidari kimeshika, nilikiacha kile kiti. Alasiri, watu wachache. Nikashusha magoti, nikaweka viganja, nikasikia uzito wangu wote ukija polepole mpaka pale katikati penye nyaya.

Nilikaa chini muda mrefu. Aliyekuwa kando yangu baadaye alinisifu kwa unyenyekevu.

Nilikuwa nasikiliza kama kuna kitakachokatika.

## Kutoka 6 mpaka 20

Yule dada wa mazoezi tiba alinipa kipimo cha ajabu. Kinaanza 6, kinaishia 20. Sita ni kukaa tu, 20 ni mwisho wa uwezo wako. Nikauliza kwa nini kisianze na moja kama vipimo vya watu. Akacheka: aliyekitunga ni Msweden, Gunnar Borg, na hesabu yake ni kwamba namba ukiizidisha mara kumi unakaribia mapigo ya moyo ya mtu mzima mwenye afya. Kwangu mimi mapigo yenyewe hayaaminiki, kwa sababu kuna kidonge kinachoyashikilia yasipande. Nikihesabu mshipa peke yake nitajiona nimepumzika kumbe nakata roho. Hivyo nijiulize mwenyewe: kazi hii ni nzito kiasi gani? Nibaki kati ya 11 na 13.

Halafu akaniongezea kanuni ya pili, na hapo mimi ndiye nikacheka mpaka kidari kikauma. Ukiweza kuongea sentensi nzima lakini kuimba kumekushinda, upo pazuri. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Ukishindwa hata kuongea, punguza.

Miaka yote ile Jumapili asubuhi mtaa mzima ulikuwa unapimwa, na mimi nilifeli mbele ya watu mia.

Kuna mengine niliyojifunza kwa njia mbaya zaidi. Mwenye mlango wa chuma na kaboni anakunywa warfarini maisha yake yote, damu isigande kwenye vibao. Shemeji (ndiyo, yuleyule) aligundua mtandaoni kuwa ni sumu ya panya, akaliarifu kundi. Si uongo: Marekani iliuzwa kwa kazi hiyo kuanzia 1948, hospitalini ikaingia miaka ya 1950. Ilichukua siku mbili kumtuliza mama. Kipimo chake ni INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda; changu kinatakiwa kiwe kati ya 2.5 na 3.5. Mchicha na matembele sikukatazwa, niliambiwa tu nile kwa kiasi kilekile kila wiki, si leo bakuli, kesho hakuna. Lakini mwezi wa tatu tumbo lilinivuruga, nikajinunulia metronidazoli, ile inayojulikana kama Flagyl, bila kumuuliza mtu. Siku chache baadaye mswaki ukatoka mwekundu. INR ilikuwa imepita 5. Hilo wanahisa hawalijui. Sasa wanalijua.

Mpira wa ndondo nao basi. Kiwiko kimoja cha beki kwenye kichwa cha mtu wa warfarini kinaweza kuvujisha damu ndani ya fuvu. Raba za mpira nimempa mpwa wangu. Sikulia, lakini nilizisafisha kwanza, muda mrefu.

## Nilichoficha

Sasa nifike pale palipokuwa pananikera.

Kwa wiki mbili baada ya ile video nilijitetea kichwani kwa hotuba ndefu. Mazoezi ni dawa. Hospitali yenyewe imeniagiza. Nyie mmenichangia nipone, kupona ndiko huku. Hotuba nzuri, ina hoja na majibu, ningeweza kuitoa kwenye kikao cha harusi.

Ila nilikuwa sijaruhusiwa kukimbia.

Ruhusa niliyokuwa nayo mwezi ule wa tano ilikuwa kutembea kwa kasi. Nusu ya kwanza ya daraja nilitembea kwa kasi, mtu mwema, namba 12. Kisha kikundi cha vijana wa jogingi kikanipita kutoka nyuma, wanaimba, na mmoja akanigusa bega: "Twende mzee." Mzee! Nikawafuata. Nguzo ya taa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wakaniacha. Nikaendelea peke yangu, tk-tk-tk-tk, nikijiambia 13, 13, na ukweli ni kwamba ingekuwa 17. Shemeji alinikuta hapo.

Baba mdogo hakujua lolote kuhusu Gunnar Borg, na alikuwa sahihi.

## Mbagala

Nilikwenda kwake Rangi Tatu siku ya Jumamosi. Nilimkuta barazani anachambua choroko.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja kwa miguu?"

"Kwa daladala. Nimekaa."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea na choroko. Nilikuwa nimepanga nianze na hotuba yangu. Nikaanza na nguzo za taa. Nilimweleza yote, hata kuguswa bega na kuitwa mzee. Hakucheka.

Ndipo akaniambia kitu ambacho katika ukoo wetu hakizungumzwi. Walikuwa na mwenzao kijijini, wakiwa vijana, winga, mwepesi. Alianguka uwanjani mchana kweupe, hakuna aliyemgusa. Watu walisema amerogwa, wengine wakasema moyo. Baba mdogo ndiye aliyekuwa amemfuata nyumbani siku hiyo, maana winga huyo alikuwa anaumwa kidogo na hakutaka kucheza.

"Nilimwambia njoo, utapona ukitoka jasho."

Akapepeta choroko.

"Zamani mwenye moyo alipelekwa India," akasema. "Tulimuaga uwanja wa ndege kama anakwenda Hija. Wewe ulilala Muhimbili, nikawa nakuja na kurudi kwa daladala. Nikajiambia hili nalo limekuwa jepesi. Halafu nakuona darajani."

Sikuwa na la kumjibu. Hotuba yangu yote ilikuwa na majibu kwa watu wanaodhani mazoezi ni anasa. Haikuwa na hata mstari mmoja kwa mtu huyu.

Nikamwomba aje nami kliniki.

## Punje 17

Alivaa kanzu. Kliniki ya Jumanne, foleni, yeye na tasbihi yake.

Nilikiri kwa daktari kuhusu daraja. Nilitegemea kukaripiwa, alinitazama tu kwa muda, akaagiza eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti. Matokeo yalikuwa mazuri: mlango unafunguka na kufunga vizuri, moyo umeanza kurudi kwenye umbo lake. Baba mdogo akaomba kuuliza swali, na swali lake ndilo ambalo watu 63 walikuwa nalo.

"Akikimbia, hicho kitu hakitachomoka?"

Daktari hakumcheka. Akamwambia kimeshonwa kwa nyuzi pande zote, na kwa miezi hii nyama ya moyo wenyewe imeshaanza kuutambaa ukingo wake na kuushika. Moyo unapiga kama mara 100,000 kwa siku, akimbie asikimbie. Lakini, akanigeukia mimi, mlango wa bandia haupanuki. Ukiongeza mwendo damu inayopita inaongezeka, tundu linabaki lilelile, na presha nyuma yake inapanda. Kwa hiyo ipo kasi ambayo ni yangu ya mwisho, na haitakuwa ile ya zamani. Nikisikia kizunguzungu, kifua kubana au mapigo kwenda ovyo, nisimame, na nisione haya kusimama.

Kisha nikapelekwa kwenye kipimo cha dakika sita. Korido ya mita 30, koni mbili, unatembea kwenda na kurudi kadiri unavyoweza. Mwezi wa pili nilikuwa nimemaliza urefu 12. Safari hii baba mdogo alisimama ukutani, na kila nilipofika kwenye koni nilimwona anavuta punje ya tasbihi. Yule dada alikuwa anaandika kwenye karatasi yake, lakini mimi nilikuwa natazama vidole vya yule mzee.

Punje 17. Mita 510.

Jioni ile, kwa mara ya pili katika historia ya kundi, baba mdogo aliandika siku isiyo Ijumaa: "Mwana wetu ametembea mita 510 nikishuhudia. Ameruhusiwa kukimbia dakika moja, kutembea mbili. Asizidishe."

Likafuata jeshi la mikono ya dua. Shangazi wa vitumbua akauliza mita 510 ni kutoka wapi mpaka wapi, akajibiwa ni kutoka kwake mpaka sokoni na kurudi nusu. Akaandika: "Basi hata mimi naweza."

## Nani kachoka

Nilidhani mambo yameishia hapo. Sikujua nimejitafutia kocha.

Jumapili iliyopita nilirudi kwenye klabu yangu, Tandika, mbele ya wachangiaji wote, mchana si mchana, saa 12 na nusu asubuhi. Nilikaa mkiani, pamoja na akina mama wa sukari na presha na mzee mmoja wa goti. Dakika moja mbio, mbili mwendo. Na nyuma ya mkia, taratibu, taa zimewashwa, ilikuwa inakuja bajaji. Ndani yake baba mdogo, kanzu, chupa mbili za maji, tasbihi mkononi. Alikuwa ametoka Mbagala alfajiri. Nilimwambia si lazima. Akasema bajaji ameshailipia.

Kule mbele yule kijana niliyemwachia uimbishaji amekuwa hodari, sauti yake inafika mpaka kwetu. Akaanza mwito wangu wa zamani, ule nilioutoa mimi miaka yote kila tulipokaribia tuta la mwisho.

"Nani kachoka?"

"Hayupo!" wakaitikia watu mia.

"Nani kachoka?"

"Hayupo!"

Mara ya tatu nikavuta pumzi, nikajaribu kuitikia, nikaona sentensi inatoka nzima, ila ilitoka nyingine.

"Nipo!"

Mama aliyekuwa mbele yangu akageuka, akacheka mpaka akasimama. "Na mimi nipo, bwana," akasema. Mzee wa goti naye akainua mkono.

Bajaji ikapiga honi. Baba mdogo alikuwa ameshasogea pembeni kwenye kiti, anapapasa pale palipobaki wazi.

"Panda."

"Bado tuta moja, baba."

Akamwambia dereva aende polepole.